Punje Zilizotoka Mguuni mwa Mama Yako

Mwanangu Adelina,

Sikuulizi hali, maana asubuhi tumekunywa uji pamoja na nimeona umemaliza kikombe. Sasa umekwenda kumuaga shangazi yako, na namjua, hatakuachia mpaka jua lizame. Nimekaa kibarazani, nimechukua karatasi ulizobakiza za shule, na nitaandika mpaka nisikie sauti yako ukisalimiana na watu kule njiani. Barua utaikuta juu ya sanduku lako.

Mambo ya sabuni, ya kufunga mizigo, ya kutokubali chakula cha mtu usiyemjua, shangazi yako ameshakuambia, na usiku huu atakuambia tena. Mimi nina jambo moja. Kesho tutakuwa pamoja ndani ya basi mpaka Lusahunga. Pale mahali malori ya Rusumo yanaposimama, upande wa wauza chakula, Bibi Leokadia anauza mahindi ya kuchoma. Ninaomba tushuke umsalimie kabla hujaendelea na safari ya Mwanza.

Najua ukifika kwenye jina hilo utaiweka barua chini. Tafadhali ichukue tena.

Unaamini yeye ndiye aliyemuua mama yako. Hujawahi kunitamkia, lakini siku ya misa ya kumbukumbu, mama mmoja alipomtaja, uliinuka ukaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Nilikuona ukiviosha. Nilipaswa kukufuata pale kwenye beseni nikuambie. Badala yake nilikwenda kuwapa mbuzi majani.

Sasa unakwenda kusomea kazi ya maabara. Nimefikiria sana jambo hili tangu majibu ya chuo yalipokuja. Siku moja mwalimu wako ataweka kioo chini ya hadubini, atawaita mmoja mmoja mtazame, nawe utainama na kuona kitu fulani. Kisha atawaeleza kinatoka wapi na kinafanya nini kwenye mguu wa mkulima. Utaelewa papo hapo, mbele ya watu usiowajua, na mimi nitakuwa huku Nyakisasa nang'oa magugu. Sitaki ulijue kwa njia hiyo. Mimi nilikiona kitu hicho kwa macho yangu, kwa hiyo acha nikuambie mimi.

Kwanza siku ya maharage. Ulikuwa darasa la kwanza, na kazi yako ilikuwa kubeba kidumu cha maji. Unajua tunavyopanda: mmoja anatangulia na jembe akichimba vishimo, mwingine anafuata akidondosha mbegu na kufukia kwa mguu. Wengi hapa kwetu hufanya hivyo, lakini mama yangu mzazi aliishika kama amri. Anayefukia avue viatu, ausikie udongo kwa wayo, asije akaizika mbegu chini sana ikaoza. Nami niliirithi amri ile bila kuiuliza.

Siku hiyo mama yako alikuja shambani amevaa gambuti za mpira. Alipewa na kaka yake, nyeusi, kubwa kuliko miguu yake, na kila hatua zilikuwa zinapiga makofi kwenye miundi yake. Nikacheka.

"Mama Adelina, tunapanda maharage au tunakwenda kumwaga zege?"

"Miguu ni yangu, Baba Adelina."

"Na mbegu ni zangu. Zitaoza."

"Zikioza nitakupikia hizi gambuti. Nitatia na nyanya."

Bibi Leokadia alikuwepo. Sisi tulikuwa tumemsaidia kupanda kwake, hapo ng'ambo ya ua wetu, naye amekuja kutusaidia kwetu. Alicheka mpaka akashika kiuno. Akamwambia mama yako, "Vua tu, mwanangu. Mama mkwe wako angekuwa hai angekutimua na jembe." Basi akazivua akaziweka juu ya kichuguu, moja imesimama, moja imelala. Nakumbuka hilo kwa sababu wewe ulikwenda ukaisimamisha ile iliyolala.

Jana yake nilikuwa nimeburuta matawi ya mgunga kupita katikati ya shamba, nikaziba nayo tundu la zizi la mbuzi. Sikuangalia kilichodondoka. Tulipokuwa katikati ya mistari, mama yako akasema "Yee!" na kusimama kwa mguu mmoja. Mwiba ulikuwa umeingia kwenye wayo, chini ya kidole gumba. Bibi Leokadia akamkalisha, akauweka mguu mapajani mwake, akachomoa pini iliyokuwa inashikilia kanga yake begani, akauchokoa mwiba polepole. Mama yako alikuwa anacheka na kumpiga mgongoni, "Unanifinya, bibi, unanifinya!" Wewe ulimwaga maji kidogo kutoka kwenye kidumu. Damu ilitoka tone moja. Akasimama, akaendelea kufukia mbegu kwa mguu uleule.

Maharage ya msimu ule yaliota vizuri kuliko yote niliyowahi kupanda.

Ilipita mvua nyingine na kiangazi chake ndipo akanionyesha kinundu. Kilikuwa kigumu, chini ya ngozi, kama harage. Nikakibonyeza.

"Kinauma?"

"Hakiumi."

Adelina, tuliishi na neno hilo miaka. Sisi wa jembe tunapima ugonjwa kwa maumivu. Kisichomzuia mtu kwenda shamba hatukiiti ugonjwa. Mguu ukaongezeka unene, nikasema ni kusimama sana. Vinundu vikazaana. Kandambili ikakataa kuingia, akaikata mkanda akaufunga upya kwa kamba. Kila nilipouliza alijibu kwamba hauumi, nami nilifurahi kusikia hivyo kwa sababu palizi ilikuwa inasubiri.

Halafu vinundu vikaanza kupasuka na kutoa maji mazito, na ndani ya maji yale zikatoka punje. Unazikumbuka, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unamchemshia maji. Zilikuwa nyeupe zenye umanjano, ndogo kama chenga za mahindi zinazobaki kwenye chekecheke. Ukizisugua kati ya vidole zilikuwa ngumu. Ulimuuliza, "Mama, kwa nini unatoa mchanga?" Akakujibu kwamba ameukanyaga mwingi mno na sasa anaurudisha shambani. Ulicheka. Mimi sikuweza kucheka, nikatoka nje.

Zahanati walimpa vidonge vya siku chache. Vidonda vikafunga, tukashukuru, vikafunguka tena pembeni. Wakampa vingine, ikawa vilevile. Hapo ndipo baba yako mkubwa Joakimu alipokuja, akaketi kwenye hiki kibaraza, akautazama mguu kwa muda mrefu.

"Mdogo wangu," akasema, "mguu umevimba hivi na hauumi. Mguu unatoa mchanga. Huo kweli ni mguu wa kupeleka hospitali?"

Nilikuwa nimekwisha kulifikiria hilo mwenyewe, ila nilikuwa nangoja mtu mwingine alitamke.

Mganga alitoka mbali, sitaki kukuandikia jina lake. Nilimkabidhi punje ndani ya karatasi. Akazitandaza kwenye ungo, akazigeuza kwa ukucha, akasema ni mchanga wa kaburini na kwamba umepandwa ndani ya mguu na mkono wa mtu. Akauliza nani aliwahi kuushika. Nilisema hakuna. Naapa sikuwa nimekumbuka, maana kutolewa mwiba ni jambo la kila siku, nani anaweka akilini? Mama yako alikuwa amelala chumbani na homa. Mganga akageuka akakuona mlangoni, una kipande cha muwa mkononi, umevaa lile gauni lako la njano ambalo mfuko wake ulikuwa umechanika.

"Njoo, mtoto. Mtoto hasemi uongo. Nani aliushika mguu wa mama?"

Ukasema, "Bibi Leokadia. Aliuchokoa na pini."

Ulisema kweli. Soma tena hapo, mwanangu. Ulikuwa mtoto, ukaulizwa ulichokiona, ukasema ulichokiona. Watu wazima tuliokuwa mle ndani ndio tuliolifanyia jibu lako jambo lingine. Na mimi nilipolisikia nilikumbuka siku nzima, kicheko, kidumu, tone la damu, na matawi yangu ya mgunga. Mtu aliyejua kwamba ulikuwa mwiba alikuwa mimi. Ningesema neno moja tu pale. Nilimtazama kaka yangu, nikaona uso wake umeshaamua, nami nikaogopa kuonekana mume asiyemtetea mkewe.

Joakimu hakungoja. Alikwenda na vijana wa ukoo, wakamng'olea mabati, wakamkatia migomba, wakamwambia asilale tena kijijini. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha. Bibi Leokadia alisimama uani na sufuria mkononi, na ndani ya sufuria alikuwa ameweka kuku wake mmoja aliyefungwa miguu. Hakulia. Alinitafuta kwa macho, akanikuta kwenye ua wa kwetu.

"Na wewe, Baba Adelina? Na wewe pia?"

Nilishika ua nikaangalia migomba.

Mama yako aliamka kwa zile kelele. Alijiburuta mpaka sebuleni akaniita ndani, akaniambia, "Waambie waache. Yule alinitoa mwiba." Nikamwambia atulie, ana homa. Tangu siku ile hakunywa dawa ya mganga hata kijiko. Aliimwaga kwenye shina la mpapai nami nikajifanya sijui.

Siku iliyofuata uliniuliza Bibi amekwenda wapi. Maana alikuwa anakuita mke mwenzake kwa utani, na kila akipita hapa alikuwa anakudai umpishe, ati leo ni zamu yake kwa mume. Nilikujibu kwamba amekwenda kwa kaka yake Nyamigogo, kule Biharamulo, kama mtu aliyekwenda kutembea. Kisha shuleni wakakuambia habari zao. Walikusifu kwamba wewe ndiye uliyemfichua. Ulirudi nyumbani hutaki kula, na baada ya siku kadhaa ukaanza kula, na nadhani ndipo ulipoamua kuamini. Ungefanya nini? Kama hukuamini, ungekuwa umemfukuza bibi yako bure, na hilo mtoto hawezi kulibeba. Nilikuona ukilichagua lile jingine, na nikakuacha.

Tulimpeleka hospitali wewe ukiwa kidato cha pili, bwenini. Mguu ulikuwa umeanza kuuma hatimaye, kwa sababu ulikuwa umefika kwenye mfupa. Muuguzi aliyetupokea alifungua kitambaa akasema, "Jamani, mlikuwa wapi siku zote hizi?" Hakusema kwa ubaya. Lakini mama yako aligeuzia uso ukutani na siku ile hakusema tena na mtu. Nakuomba, utakapokuwa na kazi yako na mtu akaja amechelewa, usianze na swali hilo. Atakuwa amejiuliza njia nzima.

Mle maabara mlikuwa na mama mmoja mwenye miwani. Alichukua punje moja kwa sindano, akaiweka kati ya vioo viwili, akaisaga, akaitia rangi. Nilikuwa nimesimama mlangoni kama mtu aliyepotea njia. Akanitazama, akasema, "Baba, unataka kuona?"

Niliinama. Mara ya kwanza niliona kope zangu tu. Akanirekebishia. Kisha nikaona nyuzi, Adelina. Nyuzi za buluu, nyembamba kuliko kitu chochote nilichowahi kuona, zimetoa matawi, na matawi yametoa matawi, zimesokotana kama mizizi ya nyasi unapoing'oa baada ya mvua na udongo ukapukutika.

"Hiyo ni mizizi?" nikauliza.

"Ni bakteria, baba. Zamani hata wataalamu waliwadhania ni fangasi, kwa sababu wanaota kwa nyuzi hivyo. Wengi wa bakteria ni vidude vya mviringo au vijiti. Hawa hurefuka, wanatoa matawi. Wakiingia mwilini wanajikusanya wanakuwa kitonge kigumu, ndizo hizi punje. Kitonge kimoja ni kijiji kizima."

Alitaja jina, Aktinomadura. Akasema ni jenasi moja katika kundi kubwa, na kundi lote makao yake ni udongo. Wanakula majani yaliyooza na mabua, wanayageuza kuwa udongo mweusi ule tunaoupenda kulima. Karibu wote hawana shida na mtu. Hata ile harufu inayopanda ardhini mvua ya kwanza ikidondoka, akasema, wanaitoa ndugu zao. Na sindano ya zamani ya kifua kikuu ilipatikana kutoka kwa ndugu zao haohao. Akasema hawana miguu wala mdomo, hawamtafuti mtu. Mwiba ukiwa na udongo ukiingia kwenye nyama, wao wanaingia pamoja nao. Kisha wanaota polepole sana, miaka, bila maumivu.

Nilimuuliza swali ambalo hata leo nalionea aibu. "Nani aliwatega pale shambani?"

Alivua miwani akaifuta. Nadhani aliwahi kuulizwa hivyo kabla. "Hakuna aliyewatega, baba. Pale ndipo kwao. Mlikuwa mnawakanyaga kila siku."

Nikamuuliza kama tungekuja wakati kile kinundu ni kimoja. Alisema wakati ule zipo dawa, vidonge na sindano za miezi mingi, na wengi wanapona na mguu wao. Alikuwa na haki ya kunidanganya pale. Hakunidanganya, na nimemshukuru, ingawa kwa muda mrefu nilimchukia.

Walimkata mguu chini ya goti. Alipoamka alitazama shuka lilivyolala, akanitazama mimi, akasema, "Sasa ukiamua kunirudishia gambuti zangu, leta moja tu." Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka kwa sauti kisha akajifunika uso. Mimi nilikwenda nje kwenye bomba la maji.

Niliporudi nilimweleza yale ya hadubini. Alisikiliza yote. Akauliza, "Kwa hiyo Bibi Leokadia?" Nikasema hakufanya lolote. Akasema, "Mimi nilikuambia." Akafumba macho. Baada ya muda akaongeza, "Mwambie Adelina taratibu. Asije akadhani ni mdomo wake." Hilo ni agizo la mama yako, na hivi ndivyo nilivyolitimiza, kwa kulichelewesha mpaka leo.

Kumbe ugonjwa ulikuwa umeshapanda nyongani, na kidonda kikaingiwa na uchafu mwingine ukaenda kwenye damu. Ulikuja ukamkuta hawezi kuongea. Mvua ya kwanza ilinyesha siku ile uliyofika, na wewe ulimfungulia dirisha kwa sababu alikuwa anapenda harufu ya udongo. Nilitaka kukuambia ufunge. Aliivuta, nikaona kifua chake kinapanda, na uso wake ukalegea kidogo. Sijui alikuwa anawaza nini. Hata sasa mvua ya kwanza ikidondoka ninaingia ndani na kufunga mlango mpaka ardhi izoee maji.

Utajiuliza kwa nini sikusema msibani. Siku ile kila mtu alikuja na maelezo yake yamekamilika. Joakimu ndiye aliyechimba kaburi, ndiye aliyetangulia kubeba jeneza, na wewe ulilia kifuani mwake. Baada ya arobaini nilimwendea nikamweleza nyuzi, punje na udongo. Alinisikiliza kwa upole. Kisha akasema, "Hadubini haioni uchawi, mdogo wangu. Pumzika." Yeye ndiye aliyeng'oa mabati yale, mwanangu, na kama nililomwambia ni kweli, basi alimng'olea mabati mama mzee asiye na kosa wakati wa mvua. Hakuweza kulikubali. Nami sikuwa na nguvu ya kumlazimisha, kwa sababu na mimi nilikuwa nimesimama kwenye ua.

Usimchukie baba yako mkubwa. Na ukimchukia, nichukie na mimi kiasi hichohicho.

Kuna kitu kimoja nimejifunza humu ndani ya nyumba tangu tubaki wawili. Mtu akifiwa anataka awepo wa kulaumiwa, kwa kuwa ukiwa na wa kulaumiwa una mahali pa kutazama. Udongo hauna uso. Nilitembea katika shamba lile la bondeni nikijaribu kuuchukia, nikashindwa, kwa sababu ndio unaotulisha, ndio uliokusomesha, na ndio uliomlaza yeye. Nikaendelea kulima. Ila siku hizi ninapanda nikiwa nimevaa viatu, na mbegu zinaota vilevile.

Baada ya misa ya kumbukumbu, ile siku ya vyombo, nilikwenda Nyamigogo. Kaka yake Bibi Leokadia hakunikaribisha ndani. Alisema dada yake yuko Lusahunga barabarani, ndiko anakopata riziki. Nikamkuta anapepea jiko. Amezeeka, mwanangu, mgongo umeinama, lakini mikono ni ileile. Nikampa shikamoo. Hakuitikia. Akageuza mahindi, akamuuzia dereva wa lori, wakataniana kuhusu meno ya dereva, na mimi nimesimama. Nikampa tena shikamoo. Akapepea jiko kama vile hakuna mtu. Nikarudi nyumbani.

Nilikwenda mara nyingine, ikawa vilevile. Wewe ulidhani nafuata mbegu Biharamulo. Mara ya mwisho ilikuwa wiki ileile chuo kilipokuita. Kulikuwa na mvua, wateja hakuna, tukawa sote chini ya turubai lake. Nikamweleza yote, nyuzi, punje, maneno ya yule mama wa maabara, na yale aliyoyasema mama yako kitandani. Hakunikatiza.

"Kwa hiyo ni udongo," akasema.

"Ni udongo, mama."

"Na mimi nikalala njiani na kuku wangu kwa ajili ya udongo."

Akapepea jiko muda mrefu ingawa moto ulikuwa unawaka.

"Yule mtoto anajua?"

"Hajui."

"Anadhani nilimuua mama yake."

"Ndiyo."

"Na moyoni anajua pia kwamba ni yeye aliyenitaja." Hapo ndipo sauti yake ilipobadilika. "Alikuwa mdogo hivi. Wewe baba mtu mzima ukamwachia mtoto mdogo hivi kazi ya kunitaja."

Nilimwambia unakwenda Mwanza kusoma, kwamba basi linapita pale, kwamba ningependa nikulete. Akakataa kwa mkono.

"Usiniletee mtoto asiyejua. Atanitazama kwa macho yale, na mimi macho yale yamenitosha. Mwambie kwanza. Mwambie wewe, kwa kinywa chako au kwa mkono wako. Akija anajua, yeye nitamwitikia. Wewe bado."

Basi ndivyo ilivyo. Nimekuandikia kwa mkono kwa sababu kinywa changu kimejaribu wiki nzima, na kila nikianza ulikuwa unaniuliza kama nimekula.

Kesho nitakaa kiti cha karibu na mlango. Nimezungumza na konda, amesema pale Lusahunga husimama ili abiria wapate kula, hawana haraka. Sitakuuliza neno lolote njiani. Ukibaki kwenye kiti chako, nitaelewa, nitakushika mkono kwa dirisha na basi litakupeleka salama, na mimi nitakwenda kumwambia kwamba sasa unajua, ila bado hujaweza. Na hilo pia ni kweli, naye ana haki ya kuambiwa kweli.

Lakini ukishuka, tangulia wewe. Mimi nitabaki nyuma, karibu na malori. Inama umpe shikamoo. Atakuitikia marahaba, alisema atakuitikia, na yule mama hajawahi kusema uongo katika shauri hili lote. Mimi nikiisikia tu kutoka pale nilipo, itanitosha kurudi nayo nyumbani.

Nasikia sauti yako njiani.

Baba yako